Barua ya wazi kwa viongozi wa Albany: legezeni masharti mliyowawekea vyama vidogo

Kwa:
Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la New York,
Mheshimiwa Kiongozi wa Walio Wengi, Seneti ya Jimbo,
Mheshimiwa Spika, Baraza la Jimbo,
Albany, New York.

YAH: MASHARTI YA MWAKA 2020 YANAYOWAFUNGIA NJE VYAMA VIDOGO NA WAGOMBEA BINAFSI

Waheshimiwa,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wapiga kura wa jimbo hili tunaozungumza Kiswahili, tulioko Buffalo, Rochester, Syracuse, Utica na jijini New York. Wengine wetu hukusanya saini za wagombea, wengine huzikagua kabla hazijafikishwa kwenye bodi ya uchaguzi. Hatusimami nyuma ya chama kimoja. Wapo miongoni mwetu wanaoipigia kura Working Families, wapo wa Conservative, wapo waliozoea Democratic au Republican na wanataka tu kuona majina zaidi ya mawili.

Njia ya faragha tumeimaliza. Barua zimeandikwa, simu zimepigwa, na tulichopata ni shukrani kwa kutoa maoni. Basi tunayasema hadharani, kwa lugha tunayoongea nyumbani, ili na ndugu zetu wasiofuatilia mambo ya Albany wajue kilichofanyika kwa jina lao.

Kwanza tukumbushane mahali tulipo. Hakuna jimbo lenye deni kubwa kwa vyama vidogo kama New York. Vuguvugu la kuwapinga Wamasoni, lililokuja kuwa chama cha kwanza nchini kumteua mgombea wa urais katika mkutano mkuu wa kitaifa (Baltimore, 1831), lilianzia magharibi mwa jimbo hili baada ya William Morgan, aliyetishia kufichua siri zao, kutoweka mwaka 1826. Leo kila chama kikubwa hufanya mkutano wa namna hiyo kama kwamba waliubuni wao. Chama cha Liberty, kilichosimama kupinga utumwa wakati vyama vikubwa viwili vilikuwa vinaukwepa mjadala huo, kilimteua James Birney hapo hapo Albany mwezi Aprili 1840. Alipogombea tena mwaka 1844 alipata kura 15,812 New York, na Henry Clay, mgombea wa chama cha Whig, akalikosa jimbo hili, na urais pamoja nalo, kwa kura 5,106. Miaka minne baadaye chama cha Free Soil kilikutana Buffalo na kumsimamisha Martin Van Buren, aliyewahi kuwa gavana wenu na rais wa nchi. Hapa New York aliwapita Democratic, chama chake cha zamani. Kufikia 1854 hoja ya kuzuia utumwa usienee ilikuwa imezaa chama kipya, Republican, na mwaka 1860 chama hicho kikashika Ikulu.

Tumeanza na historia kwa sababu hoja yetu yote imo humo. Chama cha tatu Marekani hakijawahi kuwa na kazi ya kushinda urais. Kazi yake ni kuingiza hoja mezani na kuwatia hofu wakubwa mpaka waichukue. People's Party walipokutana Omaha tarehe 4 Julai 1892 walidai kodi ya mapato inayopanda kadiri kipato kinavyopanda, maseneta wachaguliwe na wananchi moja kwa moja, na kura iwe ya siri. James Weaver wao alipata kura zaidi ya milioni moja na wajumbe 22 wa kumchagua rais, akashindwa. Mwaka 1913 kodi ya mapato na uchaguzi wa maseneta vyote viwili viliingia kwenye Katiba, marekebisho ya 16 na ya 17, bila People's Party kuwepo. Ross Perot, mgombea binafsi wa urais, alipata kura milioni 19.7 mwaka 1992, karibu asilimia 19, na hakupata hata mjumbe mmoja. Hata hivyo nakisi ya bajeti, iliyokuwa wimbo wake, haikutoka tena midomoni mwa vyama vikubwa kwa miaka yote ya muhula ule.

Hoja haiwezi kumtia mtu hofu kama haipo kwenye karatasi ya kura. Hapo ndipo malalamiko yetu yanapoanzia.

1. Kiwango cha saini

Kabla ya 2020, mgombea binafsi au wa chama kisichotambuliwa aliyetaka kiti cha jimbo zima alitakiwa kuleta saini 15,000. Mkazifanya 45,000, mara tatu. Awali alitakiwa kuwa na saini 100 kutoka kila wilaya ya uchaguzi wa Bunge la Marekani, katika nusu ya wilaya zote. Sasa ni 500. Jimbo lina wilaya 26, kwa hiyo ni saini 500 katika wilaya 13. Muda mmeuacha vilevile, siku 42, katikati ya Aprili hadi mwishoni mwa Mei.

Fanyeni hesabu nasi. 45,000 kwa siku 42 ni saini 1,071 kila siku, Jumapili na siku za mvua zikiwemo. Na hizo ni zile zitakazosalimika. Mkusanyaji yeyote mzoefu anajua sehemu kubwa itakatwa. Tuseme zinakatwa asilimia 30 tu: unahitaji saini 64,286, yaani zaidi ya 1,500 kwa siku. Tuseme mtu mmoja anapata saini 12 kwa saa, ambayo ni kasi nzuri mahali penye watu wengi. Hizo ni saa 5,357 za kusimama barabarani. Ukiwalipa watu dola 20 kwa saa, umetumia zaidi ya dola 107,000 kabla hujachapisha bango hata moja, na bado hujalipa wakili.

Jirani zetu je? Mgombea wa urais asiye wa chama kikubwa anahitaji saini 5,000 Pennsylvania, 7,500 Connecticut, 10,000 Massachusetts, na 1,000 Vermont. Pennsylvania ina watu kama milioni 13, sisi kama milioni 20. Tofauti ya watu haifiki mara mbili. Tofauti ya saini ni mara tisa.

(Wasomaji wetu wa nyumbani watauliza, mbona Kenya mgombea urais huleta saini 2,000 kutoka kila kaunti katika kaunti zisizopungua 24, na hizo si 48,000? Ni kweli. Lakini ile ni nchi nzima na kiti ni cha rais. New York inataka karibu idadi hiyo hiyo hata kwa anayegombea ukaguzi wa hesabu wa jimbo. Tanzania kwa upande wake huridhika na wadhamini 200 katika kila mkoa, mikoa 10, ila inamkataa kabisa mgombea binafsi, jambo ambalo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ililitolea hukumu tarehe 14 Juni 2013 katika kesi ya Mchungaji Mtikila. Kila nchi ina namna yake ya kufunga mlango.)

2. Saini zinavyokufa

Hili tutalieleza kwa kirefu kwa sababu ndilo msilolijua, au mnalolijua na kulinyamazia.

Shika fomu moja ya saini. Juu kuna jina la mgombea, anwani yake na kiti anachogombea. Katikati kuna mistari, na kila mstari una tarehe, saini, anwani ya makazi, na safu ya mwisho ya mji. Jijini New York safu hiyo huandikwa kaunti. Chini kabisa ni tamko la shahidi, yaani mkusanyaji mwenyewe, naye lazima awe mpiga kura wa jimbo hili, au fomu ishuhudiwe na mthibitishaji viapo. Shahidi anaandika idadi ya saini zilizomo, anatia saini yake na tarehe.

Saini ya mstari inakufa hivi. Mtu amehama nyumba na hajabadilisha anwani kwenye daftari la wapiga kura. Kwa familia zetu, zinazohama kutoka fleti moja hadi nyingine kila kodi inapopanda, hii ndiyo sababu ya kwanza. Mtu tayari ametia saini fomu ya mgombea mwingine wa kiti hicho hicho, na anayehesabiwa ni yule wa mwanzo. Vyama vikubwa hukusanya za kwao kuanzia mwishoni mwa Februari, kwa hiyo wenye fomu za Aprili huokota yaliyosazwa. Au tarehe imeachwa wazi. Anwani na tarehe zinaweza kujazwa na mkusanyaji, lakini saini lazima iwe ya mkono wa mpiga kura mwenyewe; mke akimsainia mume aliye kazini, mstari umekufa, na yaliyo mabaya zaidi yanaweza kufuata.

Halafu kuna wale wenye kadi ya kijani. Wanaipenda hoja, wanaombwa saini, wanasaini kwa moyo safi. Fomu ile inasema wazi kwamba anayesaini ni mpiga kura aliyeandikishwa. Asiye raia akisaini, saini haihesabiwi, na yeye mwenyewe ameacha tamko la uongo lenye jina na anwani yake mikononi mwa serikali, jambo linaloweza kumtia taabani siku ya kuomba uraia. Tunawaambia wakusanyaji wetu wote: swali la kwanza ni "Umeandikishwa kupiga kura, kwa anwani gani?" Anayesitasita, msalimie na uendelee na safari. Mwenye siku 42 na saini 1,500 za kutafuta kila siku hana muda wa kuuliza vizuri hivyo. Kwa maneno mengine, kiwango chenu kinawasukuma watu kuharakisha pale pale wanapotakiwa kuwa makini.

Hayo ni ya mstari mmoja mmoja. Fomu nzima nayo inaweza kufa. Shahidi akiandika idadi ya saini kumi, kisha akagundua ni tisa, akafuta na kuandika tisa bila kuweka herufi za jina lake pembeni ya alipofuta, fomu nzima inaweza kutupwa, pamoja na saini tisa halali za raia tisa ambao hawakukosea chochote. Ushauri wetu kwa kila mkusanyaji ni usijaze idadi mpaka umemaliza siku, na ukikosea usifute, chora mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi, weka herufi zako. Ni ushauri mzuri. Lakini haki ya kugombea haikupaswa kutegemea unadhifu wa kalamu ya mtu aliyechoka saa mbili usiku nje ya kituo cha treni.

Kisha vinakuja pingamizi. Mpinzani ana siku 3 tangu fomu zifikishwe kuweka pingamizi la jumla, na siku 6 baada ya hapo kuleta orodha ya makosa, mstari kwa mstari. Chama kikubwa kina mawakili na vijana wa kulipwa wa kulinganisha kila jina na daftari. Chama kidogo kina watu wa kujitolea wenye kazi zao. Mwaka 2024 Robert F. Kennedy Jr. aliondolewa kwenye karatasi ya New York na mahakama ya Albany, saini zake zikiwa nyingi kupita kiwango, kwa sababu anwani ya Katonah aliyoiandika kwenye fomu haikuwa makazi yake ya kweli. Hatumtetei, anwani ya mgombea ni jambo zito. Tunachosema ni kwamba ikiwa mtu mwenye fedha na jina kama lile anaangushwa na mstari wa juu wa fomu, mwalimu wa Utica hana hata sababu ya kuanza.

3. Hadhi ya chama

Chama kinachotambuliwa hakihitaji kukusanya maelfu haya ya saini. Kina mstari wake kwenye karatasi. Awali kilipata hadhi hiyo kwa kura 50,000 katika uchaguzi wa gavana, na kikakaa nayo miaka minne. Tangu 2020 kinatakiwa kura 130,000 au asilimia 2 ya kura zote, lolote lililo kubwa, na kinapimwa kila baada ya miaka miwili, mwaka wa gavana na mwaka wa rais.

Angalieni matokeo. Mwaka 2018 chama cha Green kilipata zaidi ya kura 100,000 za ugavana na chama cha Libertarian karibu 95,000. Kwa kanuni ya zamani vyote viwili vilikuwa salama hadi 2022. Mkabadilisha kipimo katikati ya muhula. Novemba 2020, asilimia 2 ilikuwa zaidi ya kura 170,000. Libertarian walipata kama 60,000 za urais, Green kama 33,000, na vyote vikafutwa, pamoja na vyama vya Independence na SAM (Serve America Movement). SAM hawakuwa hata na haja ya kumsimamisha mgombea wa urais. Walikuwa chama cha mambo ya jimbo. Sheria yenu inasema chama cha mambo ya jimbo lazima kigombee Ikulu ya Washington, la sivyo kife.

Mwaka 2022 karatasi ya ugavana ilikuwa na wagombea wawili tu. Mwaka 2024 karatasi ya urais ilikuwa na wawili tu, Harris na Trump. Jimbo la watu milioni 20.

4. Namna ilivyopitishwa

Hapa ndipo panapotuuma zaidi ya penginepo. Mwaka 2019 mliunda tume ya fedha za kampeni na kuipa mamlaka ya kutunga kanuni zenye nguvu ya sheria. Tume ikapandisha viwango hivi. Machi 2020 jaji wa jimbo katika kaunti ya Niagara akasema Bunge haliwezi kuikabidhi tume kazi yake ya kutunga sheria. Mngeweza kuleta muswada, ukajadiliwa, watu wakaja kusema. Badala yake mlichukua kanuni zile zile mkazitia ndani ya bajeti ya Aprili 2020, wiki ambazo hospitali za jiji zilikuwa zimefurika wagonjwa wa korona na mitaa ilikuwa mitupu. Nani angesafiri kwenda Albany kupinga? Mwamba ngoma huvutia kwake, lakini hata mwamba ngoma huiwamba mchana, watu wakiona.

5. Majibu tunayoyatarajia

Mtasema karatasi yenye majina mengi inawachanganya wapiga kura. Karatasi za majimbo jirani zinabeba majina matano na sita ya urais na watu wanapiga kura bila tabu. Na karatasi yenu wenyewe inamwandika mtu mmoja mara mbili, kwa sababu New York ni moja ya majimbo machache yanayoruhusu vyama viwili kumsimamisha mgombea mmoja. Mkanganyiko ule hamjawahi kuulalamikia, na sisi pia hatuulalamikii. Tunauthamini. La Guardia alipochaguliwa tena umeya mwaka 1937, kura zaidi ya 480,000 zilikuja kwenye mstari wa American Labor Party, chama kilichoanzishwa mwaka mmoja kabla ili wafanyakazi wamchague Roosevelt bila kugusa mstari wa wakubwa wa Tammany, mtandao wa Democratic uliotawala siasa za jiji. John F. Kennedy, akigombea urais mwaka 1960, alipata kura zipatazo 406,000 kwenye mstari wa Liberal, na jimbo alilishinda kwa kama 384,000. George Pataki, akigombea ugavana mwaka 1994, alipata zaidi ya kura 300,000 kwenye mstari wa Conservative, nyingi kuliko tofauti yake na Mario Cuomo. Kila mmoja wa hao aliingia ofisini akijua kura zile zimetoka wapi na zinataka nini. Mstari wa Working Families ulikuwa nyuma ya shinikizo lililowafanya maseneta wa Republican wa jimbo hili, Desemba 2004, kuungana na wenzao wa Democratic kuipiku kura ya turufu ya gavana wa chama chao na kupandisha kima cha chini cha mshahara kutoka dola 5.15 hadi 7.15 kwa hatua. Na majuzi, Novemba 2025, jiji limemchagua meya aliyezaliwa Kampala, jina lake likiwa kwenye mstari wa Democratic na wa Working Families. Tusingependa kusikia mnaupunguza utaratibu huu.

Lakini mstari wa kushirikiana hautoshi. Chama kinacholazimika kutafuta kura 130,000 kila baada ya miaka miwili hakithubutu kumsimamisha mtu wake. Kinaazima jina kubwa la chama kikubwa ili kisife. Hapo hoja inabaki na mwenye jina.

Mtasema vyama vidogo hugawa kura na kumpa ushindi asiyetakiwa. Mtataja Florida mwaka 2000: Bush alimshinda Gore kwa kura 537, na Ralph Nader wa chama cha Green alikuwa na 97,488. Ni hofu ya haki, nasi hatuipuuzi; hata Birney wa 1844 alimsaidia James Polk, mmiliki wa watumwa, kumshinda Clay. Lakini dawa ya kura kugawanyika inajulikana, na haihitaji kumfukuza mtu kwenye karatasi. Mpiga kura anaandika chaguo la 1, la 2, la 3. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Maine walipitisha utaratibu huu kwa kura ya wananchi mwaka 2016. Mwaka 2018, katika kiti cha Bunge la Marekani cha wilaya yao ya pili, ile yenye mji wa Lewiston wanakoishi ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Somalia, Bruce Poliquin alitangulia kwa asilimia 46 bila kuvuka nusu. Kura za wagombea binafsi wawili zilipohamishwa, Jared Golden akashinda. Alaska wanautumia tangu 2022, na jaribio la kuufuta mwaka 2024 lilishindwa kwa kura chini ya 1,000. Tunakiri kwamba mwaka huo huo wapiga kura wa Colorado, Idaho, Nevada na Oregon waliukataa. Wao waliulizwa, lakini. Jijini New York karibu robo tatu waliukubali mwaka 2019, na tangu 2021 unatumika katika kura za mchujo. Novemba, penye wagombea wa vyama mbalimbali na ndipo unapohitajika zaidi, hautumiki.

Mtasema fedha: kwamba jimbo linalipa ruzuku kwa wagombea na haliwezi kuilipa kila mtu. Ruzuku ile inafuata michango midogo, ya dola 5 hadi 250, na mgombea lazima kwanza afikishe idadi ya wachangiaji. Tayari ina kichujio chake. Asiye na wachangiaji hapati hata senti, awe kwenye karatasi au asiwe.

Mtasema kuna vyama vidogo vilivyokuwa biashara ya kuuza mstari, na chama cha Independence kilijaa watu walioandika jina lake wakidhani wanajiandikisha kama wasio na chama. Hilo ni kweli, na mlikuwa na haki ya kulirekebisha. Mngeweza kurekebisha fomu ya kujiandikisha.

Mtasema mahakama zimekubali. Zimekubali, Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho imekataa kesi za SAM na za Libertarian. Mahakama ya Juu ya Marekani nayo imekwenda huku na huku: mwaka 1968 iliivunja sheria ya Ohio iliyotaka saini za asilimia 15, mwaka 1971 ikaiachia Georgia asilimia 5 yake, mwaka 1997 ikairuhusu Minnesota kupiga marufuku mgombea wa vyama viwili. Mahakama iliulizwa kama Katiba inawakataza. Sisi tunauliza kwa nini mnataka.

6. Tunachoomba

a) Saini za jimbo zima zirudi 15,000, kwa 100 katika nusu ya wilaya, na muda wa kukusanya uwe siku 90.

b) Hadhi ya chama ipimwe kwa kura 50,000 za uchaguzi wa gavana peke yake, kila miaka minne. Mkiona 50,000 ni chache mno kwa idadi ya watu wa leo, tuko tayari kuzungumzia asilimia 1. Mwaka wa urais usihesabiwe kwa namna yoyote.

c) Kosa la shahidi katika idadi ya saini au la kutoweka herufi za jina lisitupe fomu nzima. Apewe siku 3 kulirekebisha kwa kiapo, kama sheria inavyoruhusu tayari kurekebisha karatasi ya jalada.

d) Fomu iwe na sentensi moja ya onyo, kwa herufi nene, kwamba asiye raia asisaini, katika lugha zinazozungumzwa na jamii za jimbo hili.

e) Uchaguzi wa Novemba wa gavana na wa wajumbe wa kumchagua rais ufanyike kwa kupanga chaguo, na miji inayotaka kufanya hivyo kwa viti vyake iruhusiwe waziwazi.

f) Mabadiliko yoyote ya sheria ya uchaguzi yaje kama muswada unaojitegemea, wenye kikao cha kusikiliza wananchi, nje ya bajeti.

Maombi ya (c) na (d) hayamgharimu mtu kiti chake, na yanaweza kupita kikao hiki hiki. Tunaomba jibu la maandishi juu ya kila ombi, ndiyo au hapana na sababu zake, kabla ya tarehe 1 Aprili, kwa kuwa fomu za mwaka zinaanza kuzunguka wiki mbili baada ya hapo. Jibu tutakalopata tutalichapisha lilivyo. Tukikosa jibu, tutachapisha hilo pia, pamoja na majina ya wajumbe waliopigia kura bajeti ya Aprili 2020 ambao bado wako ofisini na watakaoomba kura zetu Novemba.

Wenu katika ujenzi wa jimbo,

Wapiga kura wanaozungumza Kiswahili, Jimbo la New York

Nakala: Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo, wenyeviti wa kamati za uchaguzi, Seneti na Baraza